Mwongozo Kamili wa Kusoma Shahada ya Uzamili ya Bayoinfomatiki: Tafuta Data Kabla ya Chuo

Mwanafunzi wa bayoinfomatiki mara nyingi huvuka mwaka wa masomo ya darasani bila taabu kubwa, kisha akakwama katika mwaka wa tasnifu, na kinachomkwamisha ni data: sampuli bado hazijasomwa maabara, kibali cha maadili hakijatoka, au mradi alioahidiwa umeishiwa fedha kabla hajaugusa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kinyume na desturi. Swali la utafiti na data vinatangulia, msimamizi anafuata, na chuo kinakuja baada yao. Nimeuandika kwa ajili ya mhitimu wa Tanzania, Kenya au Uganda mwenye shahada ya kwanza ya baiolojia, sayansi ya maabara, udaktari, kilimo au kompyuta, ambaye ana miezi kumi hadi kumi na miwili ya kujiandaa.

Hatua ya 1: Onja kazi kabla ya kuiombea

Bayoinfomatiki ni kuuliza maswali ya kibaiolojia kwa kutumia kompyuta, na sehemu kubwa ya siku hupita mbele ya mafaili ya maandishi matupu. Pakua faili moja dogo la aina ya FASTQ kutoka hazina huria ya Ulaya inayoitwa European Nucleotide Archive, ulifungue, na ulitazame kwa utulivu. Kila kipande cha DNA kilichosomwa na mashine kinachukua mistari minne: wa kwanza unaanza na alama ya @ na kubeba jina la kipande, wa pili una herufi A, C, G na T, wa tatu una alama ya kujumlisha, na wa nne una msururu wa alama zinazoonekana kama uchafu wa kibodi. Mstari huo wa nne ndio wenye thamani ambayo mgeni haioni. Kila alama inaeleza mashine ilivyokuwa na uhakika na herufi iliyo juu yake. Alama ya kuuliza ina maana ya ubora wa 30, yaani uwezekano wa kosa 1 katika 1,000, na herufi kubwa I ina maana ya 40, yaani kosa 1 katika 10,000.

Ukimaliza saa tatu ukiwa bado unataka kujua kwa nini ubora hushuka kuelekea mwisho wa vipande, endelea na hatua zinazofuata. Ukiona uchovu mtupu, si aibu. Shahada za baiolojia ya molekuli, epidemiolojia au takwimu za afya zipo, na zitakufaa zaidi.

Hatua ya 2: Ziba pengo lako

Waombaji hugawanyika makundi mawili. Wapo waliotoka maabara, wanaojua kutenganisha DNA lakini hawajawahi kuandika amri ya kompyuta, na wapo waliotoka upande wa kompyuta, wanaoandika programu vizuri lakini hawajui tofauti ya jeni na protini.

Aliyetoka maabara aanze na mfumo endeshi wa Linux, kisha lugha ya programu ya Python au R, moja tu kati ya hizo mbili kwa miezi minne ya mwanzo. Nasisitiza Linux kwanza kwa sababu karibu zana zote za fani hii huendeshwa kwa amri zinazoandikwa, na seva za vyuo hazina vitufe vya kubofya. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kuweka mfumo mdogo wa Linux ndani yake bila kufuta chochote. Tovuti ya Rosalind ina mazoezi yanayoanza na kuhesabu herufi katika kipande cha DNA na kupanda taratibu. Mtu akitatua mazoezi thelathini kwa mkono wake mwenyewe, bila kunakili jibu, atakuwa amewapita wengi watakaoketi naye darasani.

Aliyetoka upande wa kompyuta ana kazi ambayo huidharau. Asome namna DNA inavyonakiliwa kuwa RNA na RNA inavyotafsiriwa kuwa protini, ajifunze urithi wa Mendel, na kama kuna uwezekano akae wiki mbili maabara akiangalia wenzake wakiandaa sampuli. Bila hilo atachambua makosa ya maabara akidhani ni ugunduzi.

Makundi yote mawili yanahitaji takwimu. H3ABioNet, mtandao wa watafiti wa bayoinfomatiki barani Afrika ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulianza mwaka 2016 kutoa kozi ya utangulizi wa bayoinfomatiki kwa madarasa yaliyokutana katika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja, na mihadhara ya aina hiyo bado ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiye na fedha za kozi.

Hatua ya 3: Chagua swali dogo lenye data zilizopo

Hapa ndipo nitakaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa maana hatua hii huamua kama utamaliza kwa miaka miwili au kwa minne.

Swali zuri la tasnifu ya uzamili lina sifa tatu: data zake tayari zipo au zina tarehe ya kufika inayoaminika, ukubwa wake unabebwa na kompyuta utakayoipata kweli, na jibu lake lina maana hata likiwa "hapana". Chukua mfano wa malaria. Jenomu, yaani DNA yote, ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi milioni 23 hivi katika kromosomu 14. Jenomu ya binadamu ina bilioni 3. Tofauti hiyo ina maana kwamba sampuli kadhaa za vimelea zinaweza kuchambuliwa kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 16, ilhali baadhi ya programu za kulinganisha RNA ya binadamu, kwa mfano STAR, huhitaji gigabaiti 30 hivi kabla hata hazijaanza kazi. Mwanafunzi asiye na seva anayechagua kusoma jenomu nzima za wagonjwa mia mbili wa selimundu amejitwisha gunia asiloliweza.

Mradi wa MalariaGEN ulitoa mwaka 2023 mkusanyiko huria uitwao Pf7 wenye sampuli 20,864 za vimelea kutoka nchi 33, na Tanzania na Kenya zimo. Swali la mfano ni hili: mabadiliko ya jeni ya kelch13 yanayohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, yanaonekanaje katika sampuli za ukanda wetu? Si swali la kubuni. Badiliko liitwalo R561H liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na baadaye likaonekana pia Kagera.

Sasa tulitazame badiliko hilo kwa karibu, kwa sababu linafundisha fani nzima. R561H ina maana kwamba asidi amino (tofali mojawapo la kujengea protini) ya 561 ya protini, ambayo kwa kawaida ni ajinini, imegeuka kuwa histidini. Kila asidi amino huandikwa kwa herufi tatu za DNA, hivyo asidi amino 560 za mwanzo zinachukua herufi 1,680, na ile ya 561 inachukua herufi ya 1,681, 1,682 na 1,683. Ajinini huwa histidini pale ambapo G ya katikati inageuka A, basi badiliko liko kwenye herufi ya 1,682 ya jeni. Hadi hapo ni hesabu ya shule ya msingi.

Nilipofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza nilipekua faili la matokeo nikitafuta mahali ambapo G imegeuka A, sikuona kitu, na nikaandika katika daftari langu kwamba sampuli zote ni safi. Zilikuwa na badiliko. Jeni ya kelch13 imeandikwa kwenye uzi wa pili wa kromosomu ya 13, ule unaosomwa kinyumenyume, na faili la VCF, yaani lile la matokeo linaloorodhesha mabadiliko, huandika herufi za uzi wa kwanza. Katika nyuzi hizo mbili G hukabiliana na C, na A hukabiliana na T; kwa hiyo G inayogeuka A huonekana pale kama C inayogeuka T, katika nafasi ya 1,725,316. Juu ya hilo, VCF huhesabu kuanzia 1 na Python huhesabu kuanzia 0, hivyo herufi ya 1,682 ya jeni hupatikana katika Python kwa kuitaja 1,681. Makosa ya namna hii hayatoi onyo lolote kwenye skrini. Programu humaliza kazi kwa amani na kukupa jibu lisilo sahihi.

Kama swali lako linahitaji sampuli mpya za watu, hesabu muda wa vibali tangu siku ya kwanza. Tanzania, utafiti wa afya unapitia kamati ya maadili ya taasisi na ile ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na utafiti kwa ujumla una uhusiano na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na kamati ya maadili. Kupeleka sampuli au data nje ya nchi kunahitaji makubaliano ya maandishi ya ziada. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinagusa pia taarifa za kijenetiki za watu. Ushauri wangu ni kwamba mwanafunzi awe na mpango wa akiba unaotumia data huria peke yake, hata kama ameahidiwa sampuli mpya kwa kiapo. Mwenzangu mmoja alisubiri sampuli miezi kumi na minne, na zilipofika friza ilikuwa imezimika njiani.

Hatua ya 4: Mpate msimamizi kabla ya kujaza fomu

Soma machapisho ya miaka mitatu iliyopita kuhusu swali ulilochagua, kisha andika majina ya watafiti wa ukanda huu yanayojirudia. Angalia hasa jina la mwisho katika orodha ya waandishi, kwa kuwa kwa desturi ya sayansi za maisha huyo ndiye mwenye maabara, na la kwanza, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi unayeweza kumuuliza maswali ya kweli kuhusu maisha ya pale.

Barua pepe ya kwanza isizidi maneno mia mbili. Mhutubie kwa cheo chake, Dkt. au Profesa, jitambulishe kwa sentensi moja, na usitumie nusu ya barua kumsifu. Kiini chake kiwe kitu kama hiki: "Nimesoma makala yenu kuhusu kelch13, na kwa kutumia data za Pf7 nimehesabu mabadiliko katika sampuli za Tanzania, jedwali nimeliambatanisha. Ningependa kujua kama tofauti niliyoiona baina ya miaka ni ya kweli au inatokana na idadi ndogo ya sampuli." Barua yenye jedwali hujibiwa, hata kama jedwali lina kasoro, kwa sababu inaonyesha mtu aliyekwisha kuanza kazi. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha nenda kwa mwingine.

Mkikutana, muulize mambo manne bila kuona haya: data ziko wapi leo, nani ana haki ya kuzitumia, seva ipo na nani anaitunza, na wanafunzi wawili waliopita walimaliza kwa muda gani. Anayekwepa la mwisho amekujibu.

Hatua ya 5: Chagua chuo

Kenya, Chuo Kikuu cha Pwani kilichopo Kilifi kina shahada ya uzamili ya bayoinfomatiki, na ujirani wake na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust ni faida isiyoonekana kwenye kijitabu cha kozi. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kinayo, katika mji wenye icipe na ILRI, taasisi mbili zenye historia ndefu ya uchambuzi wa jenomu za wadudu, mifugo na mimea. Makerere inayo, na Kampala kuna kituo chenye kompyuta za nguvu kwa ajili ya fani hii katika Infectious Diseases Institute. Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Muhimbili kilikuwa mojawapo ya vituo vya H3ABioNet na kina utafiti mkubwa wa selimundu. Mtanzania asisahau kwamba anaweza kujisajili katika shahada jirani na kufanya tasnifu ambayo ni ya bayoinfomatiki kwa kila hali; mwajiri wa maabara atasoma tasnifu na programu ulizoandika kabla ya kusoma jina la shahada.

Nje ya Afrika, KU Leuven ya Ubelgiji na Wageningen ya Uholanzi zina programu za miaka miwili, na Edinburgh ya Uingereza ina ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja unavutia kwa gharama na muda, lakini kwa anayeanza programu za kompyuta karibu na sifuri ni mfupi mno: muhula wa kwanza unamalizika kabla vidole havijazoea Linux. Ningempeleka huko mtu aliyefanya kazi miaka miwili katika kitengo cha uchambuzi, na aliyetoka tu chuoni ningempeleka Kilifi.

Hatua ya 6: Fedha

Ufadhili wa Chevening, kwa masomo ya Uingereza, unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao ni wa Uingereza. DAAD ya Ujerumani ina mpango wa kusomesha Waafrika ndani ya nchi zao au katika nchi jirani, na watu wengi huupita wakidhani kila ufadhili wa Ujerumani ni wa kwenda Ujerumani. Kuna pia nafasi ambazo hazitangazwi kwa jina la ufadhili: mradi wa utafiti wenye bajeti ya mwanafunzi mmoja wa uzamili. Nafasi hizo hupatikana kupitia msimamizi, na ndiyo sababu ya pili ya kumtafuta mapema.

Katika bajeti yako usisahau kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16, diski mbili za nje, na intaneti ya kweli. Diski ni mbili kwa sababu moja itakufa.

Hatua ya 7: Andaa maombi

Transkripti, vyeti na pasipoti vishughulikie miezi minne kabla, maana ofisi za usajili haziendi kwa kasi ya hofu yako. Vyuo kadhaa huomba angalau daraja la pili la juu. Mwenye alama za chini asikate tamaa kabla hajauliza, kwa kuwa baadhi hupokea uzoefu wa kazi kama nyongeza. Aliyesoma kwa Kiingereza chuo kikuu aombe barua inayothibitisha hilo, kwani wakati mwingine inamwepusha na gharama ya mtihani wa IELTS.

Maelezo binafsi ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Waombaji huanza na utoto wao na mapenzi yao kwa sayansi, wakati msomaji anatafuta ushahidi kwamba unaweza kufikiri juu ya data. Anza na swali lako, eleza ulichokwisha kukifanya kulihusu, taja kosa ulilolifanya na namna ulivyoligundua, kisha eleza kozi ipi hasa ya chuo hicho itakuondolea pengo lipi. Wadhamini wako wape nakala ya maelezo hayo pamoja na kazi uliyoifanya, ili barua zao zisiwe zile za "namfahamu kama kijana mwenye nidhamu".

Anayekwenda kusoma nje ahakikishe kabla ya kuondoka kwamba chuo na programu vitatambuliwa nyumbani na tume ya vyuo vikuu, yaani TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya.

Hatua ya 8: Tabia za mwaka wa kwanza

Weka kila programu unayoandika katika Git, zana inayotunza kila toleo la kazi yako, kuanzia wiki ya kwanza, hata kama ni mistari kumi. Usiguse kamwe data ghafi. Ziweke katika folda isiyoruhusu kuandikwa, na matokeo yote yatokane na programu zinazoweza kurudiwa. Ukiwa kwenye seva, fungua kazi ndefu ndani ya programu iitwayo tmux, ili umeme au intaneti ya nyumbani ikikatika saa nane za usiku kazi iendelee kule iliko.

Usifungue orodha za jeni kwa Excel bila tahadhari. Excel iliyageuza majina kama MARCH1 na SEPT2 kuwa tarehe mara nyingi kiasi kwamba kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina yenyewe, na mwaka 2020 ikatangaza miongozo mipya. Leo jeni hizo ni MARCHF1 na SEPTIN2. Wanasayansi walishindwa na jedwali, wakahama wao.

Tumia pia mwaka huo kuandika andiko la utafiti, ukilipeleka kwa msimamizi kipande kwa kipande. Maombi ya kibali cha maadili yawasilishwe kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka, kwa sababu kamati huketi kwa ratiba yake na swali moja dogo la marekebisho hukusogeza hadi kikao kinachofuata.

Hatua ya 9: Tasnifu na baada yake

Chambua sampuli tatu kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kugusa mia tatu. Ukifika kwenye grafu ya mwisho kwa sampuli tatu, unajua kila mlango ulipo. Ukianza na zote, utagundua kosa la hatua ya kwanza ukiwa hatua ya tisa. Weka ndani ya kundi lako sampuli moja ambayo jibu lake tayari linajulikana, na programu yako ikishindwa kulipata jibu hilo, simamisha kila kitu.

Sura ya mbinu iandike siku unayozitumia mbinu hizo, pamoja na toleo la kila programu. Ajira za baadaye, iwe katika taasisi za utafiti kama Ifakara, NIMR na KEMRI, katika maabara za afya ya jamii, au katika shahada ya uzamivu, huombwa kwa kuonyesha programu hizo zikiwa wazi mtandaoni na maelezo mafupi ya namna ya kuziendesha. Data za wagonjwa zisiwekwe humo hata kwa bahati mbaya. Kabla ya kuchapisha, mwombe mwenzako asiyeijua kazi yako aiendeshe kwenye kompyuta yake kwa kufuata maelezo uliyoandika, keti pembeni bila kumsaidia, na andika kila mahali atakapokwama.